Taa za Mchana na Gari Dogo la Spoti katika Bonde la Umbilo

Mto Umbilo huchimbuka katika miinuko ya Kloof, hupita Pinetown na maporomoko ya Paradise Valley, kisha huteremka hadi kwenye ghuba ya Durban, na kabla ya jiji hilo kupanua mipaka yake mwaka 1932 mto huo ulihesabiwa kuwa mpaka wake wa kusini. Kitongoji chenye jina la mto kimekaa kusini-magharibi mwa kitovu cha jiji, kati ya mgongo wa Berea na gati za bandari, mahali ambapo njia za kuingia na kutoka Durban zimebanana tangu enzi za tramu za umeme, zilizofanya kazi jijini humo kuanzia mwaka 1902 hadi 1949. Katika Barabara ya Umbilo, ambako hospitali ya King Edward VIII ilifunguliwa mwaka 1936, magari ya wagonjwa, mabasi madogo ya abiria na magari ya watu binafsi hugombea nafasi ileile, na upande wa bahari malori ya makontena huelekea Bayhead, lango la malori la bandari ya Durban. Kutoka hapo barabara ya M7, ambayo sasa huitwa Solomon Mahlangu Drive na zamani ilijulikana kama Edwin Swales Drive, hupanda kuelekea magharibi hadi Pinetown, ikiacha usawa wa bahari na kuingia milimani katika mwendo wa dakika chache tu.

Njia hiyo ni mahali pazuri pa kulichunguzia swali lililowashughulisha wahandisi, wanasaikolojia na watunga sheria kwa zaidi ya miaka sitini, yaani kama taa zinazowashwa mchana hulipa gari dogo la spoti usalama ambao lisingekuwa nao. Taa za mchana ni taa za mbele ambazo huwaka zenyewe mara injini inapowashwa, na kazi yake si kumwonyesha dereva njia bali kumjulisha mtumiaji mwingine wa barabara kwamba kuna gari linalokuja. Gari la spoti, kwa maana inayotumika hapa, ni gari jepesi la watu wawili, fupi kwa kimo, lililoundwa kwa ajili ya raha ya kuendesha kuliko kubeba mizigo au familia. Jawabu linalotolewa na historia ni la ndiyo yenye mipaka: taa hizo hutibu sababu moja ya ajali, ile ya kutoonekana kwa wakati, na hata tiba hiyo hutegemea mahali taa ilipofungwa na jicho linaloitazama limekaa kwa urefu gani.

Afrika Kusini ina historia yake ya kuunda magari ya aina hii, na sehemu ya historia hiyo imo katika bonde lenyewe. Katika miaka ya 1950 Bob van Niekerk na wenzake walijifunza Uingereza ufundi wa faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zinazoshikanishwa kwa gundi ya kemikali mpaka zikawa gamba gumu na jepesi, wakarudi nao Cape Town na kuanzisha kampuni ya Glass Sport Motors, iliyofupishwa GSM. Gari lao la kwanza, Dart, lilitoka Bellville mwaka 1958, na kwa kipindi kifupi liliundwa pia Kent, Uingereza, kwa jina la Delta. Upande wa Natal, mkoa wa Durban wa wakati huo, uwanja wa mashindano wa Roy Hesketh huko Pietermaritzburg, uliofunguliwa mwaka 1953 na kufungwa 1981, uliwapa wapenzi wa magari hayo mahali pa kuyajaribu, na wakazi wa Durban waliokwenda kushindana huko walipanda milima ileile inayomwaga maji yake katika mto Umbilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 John Watson alianzisha Birkin Cars mjini Pinetown, akaunda magari yaliyofuata umbo la Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman alilitoa Uingereza mwaka 1957 na ambalo haki zake ziliuzwa kwa Caterham mwaka 1973. Magari ya Birkin yaliuzwa nchini na nje ya nchi, na kwa hiyo Pinetown ikawa miongoni mwa miji michache ya Afrika iliyowahi kusafirisha gari la spoti.

Inafaa kulitazama gari la namna ya Seven kwa karibu, kwa sababu umbo lake ndilo linaloleta tatizo. Kimo chake ni mita moja na ushei, magurudumu yake ya mbele yamekaa nje ya bodi chini ya vipande vyembamba vya bati au faibaglasi, na taa zake mbili za mviringo zimesimama kila moja juu ya kikono chake, pembeni mwa pua nyembamba ya injini. Dereva amekaa chini kiasi kwamba akinyoosha mkono nje hukaribia kugusa lami. Mtu anayelitazama kutoka mbele haoni ukuta mpana wa bati na kioo kama ule wa basi dogo. Huona pua, taa mbili na kichwa cha mtu. Likiwa nyuma ya gari la kawaida hufichika karibu lote, na likiwa kando ya lori dereva wa lori, ambaye macho yake yako zaidi ya mita mbili juu ya barabara, anaweza asilione kabisa.

Udogo huo una athari nyingine isiyotambuliwa kwa urahisi. Ubongo wa binadamu hukadiria muda ambao kitu kitachukua kufika kwa kutumia, pamoja na mambo mengine, ukubwa wa taswira yake ndani ya jicho na kasi ya kukua kwa taswira hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanasaikolojia wa Marekani Patricia DeLucia alionyesha kwamba watu hudhani kitu kikubwa kilicho mbali kitawahi kuliko kitu kidogo kilicho karibu, hata pale ambapo kidogo ndicho kitakachofika kwanza. Dereva anayesubiri kukata kulia kutoka barabara kuu, katika nchi ambayo magari hupita kushoto, hufanya hesabu hiyo kila siku bila kujua, na anayekuja akiwa na pikipiki au gari dogo hupewa muda mrefu kuliko anaostahili. Ajali za namna hiyo huwa na maelezo yanayofanana, kwamba dereva alitazama lakini hakuona, na ni hizo hasa ambazo taa za mchana zilibuniwa kuzipunguza.

Kwa miongo mingi wazo la kuwasha taa mchana lilizuiwa na umeme wa gari wenyewe. Magari madogo ya Kiingereza ya miaka ya 1950, ambayo mitambo yake iliingia katika magari mengi ya spoti, yalitumia dainamo, yaani jenereta ya umeme wa mkondo mmoja ambayo huzalisha kidogo sana injini inapozunguka polepole, na hata dainamo bora za wakati huo zilitoa takriban ampea 22 tu. Gari lililokwama katika foleni huku taa zimewashwa lilikula akiba ya betri, na dereva mwenye busara alizizima. Alteneta, iliyoenea katika miaka ya 1960, huzalisha umeme wa kutosha hata injini ikiwa katika mwendo wa chini, na bila kifaa hicho sheria za taa za mchana zilizofuata zisingewezekana. Hata hivyo gharama haikutoweka: jozi ya taa kubwa pamoja na taa za nyuma na za kibao cha namba hutumia zaidi ya wati 100, nguvu ambayo mwishowe hutoka kwenye mafuta, ilhali taa za kisasa za LED, yaani vipande vidogo vya madini vinavyong'aa umeme unapopita, hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo.

Desturi yenyewe ilianzia kwenye mabasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya mabasi ya Greyhound nchini Marekani iliwaagiza madereva wake wawashe taa mchana, na katika mwaka 1964 Merrill Allen, mtaalamu wa macho wa Chuo Kikuu cha Indiana, alikuwa akitetea taa maalumu za kuwaka muda wote. Lakini walioigeuza desturi kuwa sheria ni watu wa kaskazini mwa Ulaya, ambako jua la majira ya baridi hukaa karibu na upeo wa macho. Ufini ilianza mwaka 1972 kwa barabara za mashambani wakati wa baridi. Uswidi ilifuata Oktoba 1977 kwa barabara zote na majira yote, baada ya utafiti wa Kåre Rumar na wenzake wa Uppsala kuhusu namna jicho linavyotambua gari lililo pembeni mwa uwanja wa kuona. Norway iliyataka magari mapya yawe nazo katika miaka ya 1980, Denmark ikalazimisha mwaka 1990, na Kanada ikayataka magari yote mapya yaliyoundwa kuanzia Desemba 1989 yawe na taa za kujiwasha. Umoja wa Ulaya ulichelewa: ni Februari 2011 ndipo aina mpya za magari madogo zilipolazimishwa kuwa nazo.

Matokeo ya sheria hizo yamebishaniwa tangu mwanzo, na ubishi huo unastahili kuheshimiwa kwa sababu haukuwa wa ukaidi. Tafiti za awali za Uswidi zilidai kwamba ajali za mchana zinazohusisha zaidi ya gari moja zilipungua kwa takriban asilimia 11, na Kanada ilipolinganisha magari ya mwaka 1989 na ya 1990 ilipata upungufu wa takriban asilimia 8 katika ajali za magari mawili yanayotoka pande zinazokabiliana. Mwaka 1995 Jan Theeuwes na Johan Riemersma wa Uholanzi walizirudia takwimu za Uswidi na kuonyesha kwamba njia ya hesabu iliyotumika, ambayo ililinganisha uwiano wa ajali za mchana na za usiku, ingeweza kuzaa upungufu huo hata kama taa hazikusaidia chochote, kwa kuwa ajali za usiku nazo hupanda na kushuka kwa sababu zake. Rune Elvik wa taasisi ya uchumi wa uchukuzi mjini Oslo, ambaye baadaye alikusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa pamoja, alifikia hitimisho kwamba upungufu upo, ila ni wa wastani na huhusu ajali za mchana za magari yanayogongana tu. Austria ililazimisha taa mwishoni mwa mwaka 2005, kisha ikaifuta sheria hiyo mwanzoni mwa 2008, baada ya malalamiko kwamba waenda kwa miguu na waendesha pikipiki walikuwa wakimezwa na bahari ya taa za magari.

Kwa mwenye gari dogo, utafiti unaogusa zaidi ni ule uliotolewa mwaka 2008 na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Watafiti waliyatenganisha magari ya kawaida na magari marefu kwa kimo, yaani pikapu, magari ya familia ya kimo kirefu na mabasi madogo, na matokeo yakawa kinyume cha matarajio: kwa magari ya kawaida hawakuona manufaa ambayo hesabu ingeweza kuyathibitisha, ilhali magari marefu yenye taa hizo yalihusika katika ajali za magari mawili kwa karibu asilimia 6 pungufu. Nadharia ilikuwa imetabiri kwamba anayefichika zaidi ndiye atakayefaidika zaidi, na takwimu zikaelekeza manufaa kwa yule ambaye tayari huonekana. Utafiti mmoja haumalizi shauri, lakini unalazimisha swali la urefu wa taa kuulizwa kwa uzito. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya na katika nchi nyingine nyingi zinaruhusu taa za mchana zifungwe popote kati ya sentimita 25 na mita moja na nusu kutoka ardhini, na mng'ao wake wa mbele uwe kati ya kandela 400 na 1,200. Gari refu huweka taa zake juu ya bampa la gari lililo mbele yake, zikaonekana kupitia kioo cha nyuma na juu ya mapaa ya magari madogo. Gari la spoti lenye taa kwenye usawa wa goti huwa limetimiza kanuni ileile huku mwanga wake ukiishia kwenye buti la gari la mbele. Katika foleni ya Barabara ya Umbilo, ambako basi dogo la abiria hutoka ghafla pembeni baada ya kupakia, tofauti hiyo ya sentimita chache ndiyo inayoamua kama dereva wa basi ataona nuru kwenye kioo chake cha pembeni au hataona kitu.

Kuna pingamizi jingine linalosikika kila mara desturi hii inapozungumziwa kusini mwa ikweta, kwamba taa za mchana ni dawa ya giza la kaskazini na hazina kazi Durban, jiji lililo karibu na nyuzi 30 kusini na lenye jua kali. Pingamizi hilo lina nguvu saa sita mchana, pale ambapo mng'ao wa lami na bati huipiku taa ya kandela mia chache. Asubuhi mambo hubadilika. Jua la Durban huchomoza juu ya Bahari ya Hindi, na kwa hiyo dereva anayeshuka M7 kuelekea bandarini huwa na jua usoni, na gari linalopanda kumkabili huwa limempa upande wake ulio kivulini. Analiona kama doa jeusi ndani ya mwanga mkali, na doa dogo humezwa kabla ya kubwa. Jioni hali hugeuka kwa wanaopanda, jua likielekea kutua nyuma ya milima ya Pinetown. Katika saa hizo taa mbili ndogo ndizo zinazovunja kivuli hicho. Utafiti wa Elvik kuhusu sheria ya Norway nao ulionyesha upungufu wa ajali wakati wa kiangazi zaidi kuliko wakati wa baridi, na maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba wakati wa baridi madereva wengi walikuwa wakiwasha taa hata kabla ya kulazimishwa. Hoja ya jua, kwa hiyo, haitoshi kuiondoa taa ya mchana kwenye pwani ya Natal.

Afrika Kusini haikufuata njia ya Uswidi kwa magari yote. Kampeni ya kitaifa ya Arrive Alive, iliyoanza mwaka 1997, ilikuwa miongoni mwa waliowahimiza madereva wawashe taa mchana, lakini kanuni za usalama barabarani za mwaka 2000 ziliacha wajibu wa kuwasha taa saa zote kwa pikipiki, na magari mengine yakabaki na wajibu wa usiku na wa nyakati ambazo mtu au chombo hakionekani vizuri kwa umbali wa mita 150. Kuwachagua waendesha pikipiki kulikuwa na msingi. Malaysia, nchi ya joto iliyo karibu na ikweta, ilianzisha kampeni na sheria ya taa za mchana kwa pikipiki mwaka 1992, na uchambuzi wa Radin Umar na wenzake ulikadiria kwamba ajali zitokanazo na kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. Gari la spoti la namna ya Seven, ukilitazama kutoka mbele, liko karibu na pikipiki kuliko lilivyo karibu na gari la familia, na ushahidi wa Malaysia ni wa jua kali. Kwa mwenye gari kama hilo katika bonde la Umbilo, takwimu za pikipiki zina uzito kuliko za magari ya kawaida ya Marekani, na taa za kwenye vikono, zilizo juu kuliko nyingi za kisasa zilizozamishwa ndani ya bampa, ni bahati ya umbo la kale inayofaa kutumiwa mchana kutwa.

Taa hata hivyo haina la kufanya pale ambapo kuona si tatizo. Septemba 2013 lori lililoshuka Field's Hill, mteremko mkali wa kuingia Pinetown kutoka Kloof, lilivuka makutano bila kusimama na kuyagonga magari yaliyokuwa yakipita, yakiwemo mabasi madogo ya abiria, na watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha. Ajali ya aina hiyo hutokana na uzito, mteremko, breki na uamuzi wa dereva, na gari jepesi la faibaglasi likiwa njiani mwake halina ulinzi wowote, liwe na taa au lisiwe nazo. Fizikia ya mgongano humwelemea mwepesi: gari la kilo mia sita likigongana na la tani mbili, badiliko la kasi la lile dogo huwa zaidi ya mara tatu ya badiliko la lile kubwa, na badiliko hilo ndilo linaloumiza mwili.

Milima hiyohiyo ya Kloof na Field's Hill hufunikwa na ukungu mara kwa mara, na hapo taa za mchana huleta hatari yake. Katika magari mengi huwaka mbele tu, na kwa kuwa dashibodi za kisasa nazo huwaka muda wote, dereva huona mwanga mbele yake na namba za mwendo zikisomeka, akaamini kwamba gari limewashwa taa zote, wakati taa za nyuma zimezimwa. Sheria ya Uswidi ya mwaka 1977 ilitaka taa za nyuma ziwake pia, lakini kanuni ya Ulaya ya 2011 haikulazimisha jambo hilo. Kwa gari ambalo mgongo wake uko chini ya usawa wa boneti la lori, kutokuwa na taa za nyuma ndani ya ukungu ni upungufu mkubwa kuliko kutokuwa na taa za mbele mchana wa jua, na kanuni ya mita 150 humtaka dereva azungushe swichi mwenyewe kabla ya kuanza kupanda.